K na L za Bi Mchanga

Kufikia saa tatu asubuhi Inspekta alikuwa ameshafungua makabati kumi na moja ya maabara ya bahari, amesoma madaftari manne ya zamu, na hakuwa amepata chochote isipokuwa vumbi. Mkuu wa kituo alikuwa amempigia simu mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Saa tisa alasiri muda wa mahabusu wako unaisha. Nataka hati ya mashtaka, la sivyo nataka mtu aachiwe." Mara ya pili alisema maneno hayo hayo, kwa sauti ya juu zaidi.

Mahabusu mwenyewe alikuwa fundi wa maabara hii, mama wa miaka hamsini na minane ambaye kila mtu jengoni, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, alimwita Bi Mchanga. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuosha tope lililotolewa chini ya bahari, kulipitisha kwenye chekeche, na kuokota kwa brashi ya nywele tatu vigamba vilivyobaki, vidogo kuliko punje ya chumvi. Siku tatu zilizopita slaidi themanini na nne, vibao vidogo vya plastiki vyenye vigamba hivyo, zilitoweka kutoka ndani ya kabati lililofungwa. Kitasa hakikuguswa. Funguo zilikuwa mbili: moja ya Profesa, mkuu wa maabara, na moja ya Bi Mchanga. Profesa ndiye aliyeripoti, kwa hiyo aliyelala mahabusu ni Bi Mchanga.

Inspekta hakuipenda hesabu hiyo, lakini hakuwa na nyingine. Kituoni walimwita Kupe akishawapa mgongo, kwa sababu aking'ang'ania kitu habanduki. Taabu ya leo ni kwamba hakuona pa kung'ang'ania.

"Hebu nieleze tena," alimwambia Profesa. "Polepole. Kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu alikuwa mwalimu wa hesabu."

"Basi kama unanieleza mimi."

Profesa alikuwa mzee mrefu, mpole wa sauti, shati limenyooshwa vizuri. Akamkaribisha kwenye hadubini. Inspekta akainama, akafumba jicho, akaona kope zake mwenyewe. Akafumba la pili, akaona giza. Mara ya tatu ndipo vikatokea: vidude vyeupe, kila kimoja kimejisokota mfano wa konokono.

"Hao walikuwa viumbe wa chembe hai moja tu," Profesa alisema. "Waliishi juu juu ya maji. Wakifa, vigamba vinazama mita elfu tatu na mia tano, vinalala, vingine vinakuja juu yake. Sisi tunashindilia bomba kwenye tope hilo na kulitoa. Juu ya bomba ni jana, chini ni zamani. Sentimita moja ni kama miaka mia nne."

"Na vinasema nini?"

"Aina hii, bahari ikiwa baridi, gamba hujisokota kushoto. Ikiwa na joto, hujisokota kulia. Katika kila sampuli unahesabu mia tatu, unaandika mangapi huku na mangapi kule. Hapo unajua maji yalikuwaje kabla babu wa babu yako hajazaliwa."

"Na aliyehesabu ni Bi Mchanga."

"Bomba namba kumi na nne lote. Miaka sita. Daktari akaziingiza namba zake kwenye kompyuta. Huyo Daktari ni mkwe wangu, amemwoa binti yangu wa pili, lakini hapa kazini ni Daktari. Tukachapisha ripoti kwamba bahari ilipata joto ghafla katika kipindi ambacho kila mtu alidhani ilipoa. Ilizunguka dunia nzima. Kisha wenzetu wa chuo kingine, tuliowagawia tope hilo hilo, wakahesabu ya kwao. Wakapata baridi. Wakaomba waje waone slaidi zetu. Kesho yake slaidi hazipo." Akavua miwani, akaipangusa. "Inasikitisha, Inspekta. Nilimwamini kama mdogo wangu wa tumbo moja."

"Unasema alibuni namba?"

"Macho yamechoka, kazi ni ndefu. Mtu anaanza kukisia. Siku ya kukaguliwa anaogopa."

Inspekta akaandika. Maelezo yalikuwa manyoofu mno, na aliyafuata neno kwa neno bila kuona pa kuyakamata.

Saa nzima iliyofuata ilipotelea kwenye daftari la getini. Mlinzi, aliyepekua mifuko yote tangu kompyuta mbili zilipoibwa mwaka jana, aliapa kwamba hakuna slaidi iliyopita mbele ya macho yake. Lakini jioni ile ya tukio aliandika kwamba msafishaji aliingia na ndoo mbili, akatoka na moja. Inspekta alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Msafishaji akaitwa.

"Ndoo ya pili iko wapi?"

"Ilitoboka, afande."

"Ikaenda wapi?"

"Haikwenda. Nimepandia maua. Ile pale dirishani."

Ilikuwepo kweli, na maua yake. Koplo aliyefuatana naye, kijana wa watu, akageukia ukutani akakohoa kwa muda mrefu. Inspekta alisubiri amalize kukohoa, kisha akamwambia alete majalada yote ya bomba namba kumi na nne, na ripoti, na barua ya chuo kingine. Kutwanga maji kwenye kinu kwa siku tatu kulikuwa kumemchosha. Kama watu hawasemi, basi karatasi ziseme.

Wakaketi kwenye meza ya Bi Mchanga, penye taa ya shingo ndefu na mto wa kuegemeza viwiko. Karatasi za hesabu zilikuwa themanini na nne, mwandiko mdogo ulionyooka, kila moja ina safu mbili. Koplo akasoma ripoti na barua kwa sauti.

"Sampuli ya sentimita mia mbili na kumi na mbili. Ripoti ya hapa: kulia mia mbili sabini na moja, kushoto ishirini na tisa. Wale wengine: kulia thelathini na moja, kushoto mia mbili sitini na tisa."

"Inayofuata."

"Ripoti: kulia kumi na nne, kushoto mia mbili themanini na sita. Wengine: kulia mia mbili themanini na nne, kushoto kumi na sita."

Walipofika ya kumi, Inspekta akaweka kalamu chini.

"Koplo, nikikwambia unitajie umri wa watu themanini na wanne usiowajua, utafanyaje?"

"Nitabahatisha, afande."

"Utapatia kidogo, utakosa kidogo, kwingine utakosa vibaya sana. Mwongo hukosea ovyo. Huyu amekosea kwa mpangilio. Kila penye kulia kwake, kwa wenzake ni kushoto, na tofauti haizidi mbili tatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakubuni. Alihesabu gamba kwa gamba."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Ningekuwa nalijua ningekuwa nimekaa hapa?" alifoka. Kisha akajuta, maana kijana hakuwa na hatia. "Nipe karatasi yake. Ya mia mbili na kumi na mbili."

Juu ya safu ya kwanza paliandikwa K. Chini yake, mia mbili sabini na moja. Juu ya safu ya pili, L. Chini yake, ishirini na tisa.

"K ya kulia," Koplo alisema. "Sawa na ripoti." Akaitazama tena. "Au ya kushoto? Zote zina K."

"Na L?"

Koplo akaivuta karatasi karibu na taa. Inspekta alikuwa ameshachukua koti.

Kituoni, kwenye benchi la mapokezi, alikaa mume wa Bi Mchanga, fundi cherehani, na sentimita yake ya kupimia bado iko shingoni. Alikuwa amekuja kila siku tangu mkewe akamatwe, na kila siku alikuwa na lake la kusema.

"Shemeji, bado upo?"

"Niende wapi, afande? Mke wangu mmemfungia, na miwani mmemnyima. Mkimpa karatasi asaini, anasaini ukungu."

"Miwani ina vioo. Ndio utaratibu."

"Na utaratibu unasema mtu aulizwe ufunguo, ufunguo, ufunguo, siku tatu? Kazi yake hamjaiuliza hata mara moja. Mimi mteja akija na suruali iliyoharibika, namuuliza kwanza ilishonwa vipi."

Ilimchoma Inspekta, kwa sababu ilikuwa kweli. Akachukua miwani mkononi mwa mume huyo, akaingia nayo.

Bi Mchanga aliivaa, akaifungua karatasi yake mezani, akaipapasa kidogo.

"Hii ni yangu."

"K ni nini?"

"Kushoto. Na L ni kulia."

"Mama, kulia si inaanza na K?"

"Zote zinaanza na K, afande, tena zote zinafuatia na U. Ndiyo maana tukachukua L. Kwenye kulia imo, kwenye kushoto haimo. K inabaki ya kushoto. Mbona rahisi?"

"Tukachukua. Wewe na nani?"

"Na Profesa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naandika maneno mazima mazima. Nilikuwa naandika 'kulia, kulia, kulia' ukurasa mzima, akanitania, akasema ukurasa huu umefiwa. Akaninyang'anya kalamu, akaniandikia K na L juu ya safu kwa mkono wake. Tangu hapo sijabadilisha."

Inspekta akaandika K, akaandika L, kisha akaweka kalamu chini.

"Kwa nini hukuniambia haya juzi?"

"Uliniuliza nani ana ufunguo. Nikakujibu."

"Ripoti yao uliisoma?"

"Ripoti haziji kwetu sisi tunaoosha tope. Nilisikia redioni kwamba bahari ilipata joto. Nikajua wanasema bomba jingine. Bomba langu mimi lilikuwa na baridi."

Inspekta alitamani kugonga meza, lakini amgongee nani? Siku tatu nzima alikuwa na jibu kwenye chumba cha nyuma, linakula ugali wa serikali, na hakulisemesha.

"Jambo moja la mwisho. Slaidi zako, nikiziona nitazijuaje?"

"Namba ipo juu kwa wino. Na nyuma kwa ncha ya sindano. Wino ukilowa unatoka, lakini plastiki ikikwaruzwa imekwaruzwa."

"Nani anajua habari ya sindano?"

"Nani ageuze slaidi, afande? Watu wanaangalia vigamba."

Ilikuwa saa saba na robo walipomkuta Daktari ofisini kwake, kijana nadhifu, mkate wa chakula cha mchana haujaguswa. Inspekta aliweka karatasi ya Bi Mchanga mbele yake.

"Hii uliingiza wewe kwenye kompyuta?"

"Zote themanini na nne."

"Nionyeshe ulivyosoma."

Akaweka kidole juu ya K. "Kulia." Akakisogeza kwenye L. "Kushoto." Hakusita hata kidogo.

"L ya kushoto inatoka wapi?"

"Kwa Kiingereza kushoto inaanza na L. Nimesoma nje miaka saba, vitabu vyote ndivyo vinavyoandika. Ikishakuwa L ni kushoto, K itakuwa nini tena kama si kulia?"

"Ulimuuliza Bi Mchanga?"

"Nimuulize nini? Ilikuwa wazi."

Inspekta akamwambia. Alitumia maneno machache, kama alivyoambiwa yeye. Daktari akaivuta karatasi, akaitazama, akavuta nyingine, na nyingine. Midomo yake ilianza kuhesabu bila sauti. Mtu anayejua siri habadiliki uso namna ile, na Inspekta, aliyeingia akimshuku, alimfuta kwenye orodha.

"Zote," Daktari alisema. "Ripoti nzima. Nimeigeuza bahari nzima."

"Profesa ameziona karatasi hizi?"

"Barua ya chuo kingine ilipokuja nilimpelekea jalada zima. Nilimwomba anisaidie kutafuta kosa. Yeye ndiye anayemjua Bi Mchanga."

"Akasema nini?"

"Alisoma kama dakika moja. Akasema, 'Niachie, mwanangu. Nitalishughulikia.'"

Koplo akataka kukimbia ngazini moja kwa moja. Inspekta akamshika mkono. Profesa alikuwa na ufunguo na sasa alikuwa na sababu, lakini sababu bila kidhibiti ni porojo, na wakili yeyote angeipuliza ikapeperuka.

"Mlinzi anapekua kila mfuko," alisema. "Kwa hiyo slaidi hazikutoka. Makabati yote nimefungua, kila kilichoandikwa nimekisoma. Sikugusa kisichoandikwa. Koplo, ungeficha wapi slaidi themanini na nne?"

"Kati ya slaidi nyingine, afande."

"Umeanza kupata akili."

Boksi la slaidi mpya lilikuwa kwenye rafu ya juu ya sinki, wazi, machoni pa watu. Ndani zilipangwa mamia, nyeusi, safi, hazina wino wala kigamba. Wakaanza kuzigeuza moja moja chini ya taa. Kumi, ishirini, hamsini. Koplo akalalamika shingo. Inspekta alitazama saa ukutani: saa nane kasoro dakika tano. Ya sabini na tatu ilikuwa na mikwaruzo mgongoni. Akaielekeza kwenye mwanga mpaka ikasomeka: 14, mstari, 212.

Upande wa mbele palikuwa patupu kabisa. Walizipata zote, na zote zilikuwa tupu.

Profesa alikuja mwenyewe, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Aliwaona, akaliona boksi, akasimama.

"Inspekta, hizo ni mpya. Hazijatumika."

"Geuza hii."

Aliweka kikombe chini, akaivaa miwani, akaigeuza slaidi. Alisoma muda mrefu kuliko namba yenyewe ilivyohitaji.

"Sikujua kama anaandika nyuma," alisema.

Koplo aliandika maneno hayo na saa yaliposemwa. Profesa alimtazama akiandika, na hapo akaonekana kuelewa alichokisema. Akavuta kiti cha Bi Mchanga, akakikalia.

"Mkwe wangu aliandika, mimi nikatia sahihi. Sikutazama hata karatasi moja ya hesabu. Ningetazama moja tu, Inspekta. K na L nilimwandikia mimi."

"Ndiyo maana dakika moja ilikutosha."

"Kijana ana watoto wawili. Wajukuu zangu. Jina lake ndilo la kwanza kwenye ripoti, langu la pili. Nilidhani mtamhoji Bi Mchanga siku moja, mbili, mtakosa ushahidi, mtamwachia. Angestaafu mapema kidogo. Basi."

"Na jina lake yeye?"

"Jina lake?" Profesa aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Nani analijua?"

Hapo Inspekta alikasirika waziwazi. Alikuwa amehoji wezi wa mifugo, matapeli wa viwanja, na mtu mmoja aliyemuuza kaka yake, na hakuna hata mmoja aliyemtia hasira namna hii, kwa sababu huyu hakuona alichokuwa amekifanya. Alimwuliza swali la mwisho akiwa ameshika ukingo wa sinki.

"Vigamba viko wapi?"

"Asidi. Vinatoa povu kidogo. Dakika chache tu, kisha hakuna kitu."

Mkuu wa kituo alisaini karatasi ya kumwachia saa tisa kasoro dakika kumi, akinung'unika kwamba sasa atapigiwa simu na wakubwa kwa sababu ya Profesa. Inspekta alishuka mwenyewe kumfungulia Bi Mchanga, na mumewe akafuata nyuma ameshika viatu vya mkewe mkononi, amesahau hata kumpa. Inspekta akamweleza yote, wima pale pale mlangoni, kwa sababu hakuona njia nzuri ya kuyasema.

Bi Mchanga alisikiliza hadi mwisho. Lililohusu K na L lilimfanya atikise kichwa. Jina la Profesa lilipotajwa hakushtuka, ila mkono wake ulitafuta ukuta.

"Na slaidi zangu?"

"Tumezipata. Lakini ni tupu, mama. Aliviyeyusha vigamba vyote."

"Bomba letu tulilipasua katikati," mumewe aliingilia haraka, maana mtu akiishi na fundi miaka thelathini hujifunza kazi ya fundi. "Si kuna nusu ya akiba ghalani? Utaanza upya."

"Ni miaka sita. Mimi nimebakiza miwili." Akamgeukia Inspekta. "Hizo slaidi zina vifuniko vya kioo. Alivifungua vyote?"

"Vyote."

"Moja moja?"

"Moja moja. Mwenyewe, kwa mkono wake."

Bi Mchanga akavua miwani aliyoililia siku tatu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Basi alipata nafasi themanini na nne za kuacha," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.